Kero Nyingine Zina Mwenyewe

Mwaka 2007 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichapisha utafiti ambao kwa kuutazama ungedhani ni mchezo wa watoto. Walitia uzi ndani ya kisanduku, wakakibiringisha kwa sekunde kumi, kisha wakakifungua waone kama uzi umejifunga. Walirudia hivyo mara 3,415. Walichokuta anakijua kila aliyewahi kuchomoa waya wa hedifoni mfukoni: uzi mrefu hujifunga wenyewe, tena upesi, na mafundo yake si ya mzaha. Walihesabu aina 120 za mafundo. Uzi mfupi kuliko sentimita 46 haukufunga fundo lolote. Ulipozidi hapo, uwezekano wa fundo ulipanda haraka, kisha ukagota karibu na nusu kwa nusu.

Fundo la waya ni kero isiyo na mwenyewe. Hakuna aliyekuvizia. Unasonya, unafumua, unachomeka masikioni, maisha yanaendelea. Sasa chukua dakika mbili hizohizo uzipeleke ndani ya basi. Aliyeketi pembeni yako anatazama video fupifupi kwa sauti ya juu, kila baada ya sekunde kadhaa anahamia nyingine, na kicheko kilekile cha kurekodiwa kinarudi. Muda uliopotea ni uleule. Mfukoni hujapungukiwa na kitu. Lakini hili la pili utafika nalo nyumbani, utalisimulia, na pengine kesho asubuhi litakurudia ukiwa unapiga mswaki.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni kwamba watu wa siku hizi hawana subira. Sioni kama jibu hilo linaeleza chochote, maana huyohuyo anayefura kwa sababu ya video ya jirani anaweza kujibanza barazani saa nzima akingoja mvua ikatike, bila kinyongo na mtu. Kero haipimwi kwa dakika wala kwa hasara. Kinachoikuza ni kama una namna ya kuizuia, kama unajua itaisha lini, na zaidi ya yote, kama unahisi kuna mtu aliyechagua iwe hivyo. Hilo la mwisho ndilo lenye moto, na ndilo tunalokosea mara nyingi zaidi, kwa sababu hasira hupenda kumwendea aliye karibu.

Nusu ya mazungumzo

"Haloo… Eeh… Hapana, si huyo… Yule mwingine… Acha wee! … Sasa yeye akasemaje? … Mh… Mh-mh… Usiniambie!"

Hapo umeshakereka, na juu ya kukereka umeshaanza kujiuliza yule mwingine ni nani. Hukutaka kujua. Ulikuwa na kitabu chako, au usingizi wako. Lakini sikio limekwenda lenyewe, na kulirudisha ni kazi.

Mwaka 2004 Andrew Monk na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliweka waigizaji kwenye treni na kwenye kituo cha basi. Baadhi walizungumza wawili ana kwa ana, wengine walizungumza kwa simu, na sauti zao zilipangwa zisipishane. Watu waliokuwa karibu walipoulizwa baadaye, walisema mazungumzo ya simu yaliwaudhi zaidi, hata pale ambapo hayakuwa na kelele kuliko ya wale wawili. Kwa hiyo lile la "anapiga kelele" siyo kiini cha jambo, ingawa ndilo tunalolalamikia.

Miaka sita baadaye, mwaka 2010, Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliipeleka hoja hii maabara. Waliwapa watu kazi ya kufuatilia kwa kipanya nukta inayotembea kwenye kioo cha kompyuta, huku wakisikilizishwa sauti: mara mazungumzo kamili ya watu wawili, mara mtu mmoja akisimulia peke yake, mara upande mmoja tu wa mazungumzo ya simu. Ni huo upande mmoja uliowavuruga. Mazungumzo kamili hayakuwa na madhara hayo, na msimulizi wa peke yake vilevile. Kisha wakaichuja sauti ile mpaka maneno yasieleweke, ikabaki mivumo tu. Usumbufu ukatoweka. Maana yake kilichokuwa kinawasumbua ni maneno yaliyokatwa katikati.

Ubongo unaposikiliza lugha haukai kupokea tu. Unakimbia mbele, unabashiri neno linalofuata, unasahihisha, unabashiri tena. Mazungumzo ya watu wawili yanabashirika kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana unaweza kusinzia katikati ya wambea. Nusu ya mazungumzo haibashiriki. Kila kimya ni swali ulilonyimwa, na kila "usiniambie!" ni jibu la jambo ambalo hukuambiwa. Mwenye simu, kwa upande wake, hana habari. Yeye anasikia pande zote mbili, kwake ni mazungumzo ya kawaida kabisa. Ukimkazia macho atashangaa umemkosea nini.

Kuna jambo moja hapa linalonichekesha. Kwa hoja hiyo, anayeweka simu kwenye spika angepaswa kutusumbua kidogo, kwa kuwa sasa tunasikia wote wawili. Sijamwona anayeshukuru. Tunamchukia zaidi. Ubongo umepewa nusu iliyokosekana, lakini lile swali jingine limepata jibu baya: huyu amechagua. Simu ya sikioni inaweza kuwa dharura. Simu ya spika ni uamuzi, na ndani ya uamuzi huo wewe hukuhesabiwa kuwa mtu.

Kitufe ambacho hakuna aliyekibonyeza

Wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer walichapisha mwaka 1972 matokeo ya majaribio yao juu ya kelele za mijini. Waliwakalisha watu kwenye kelele kubwa iliyochanganywa makusudi: wawili wakizungumza Kihispania, mmoja Kiarmenia, mashine ya kurudufu, kikokotoo, taipureta, vyote kwa pamoja. Kundi moja lilipewa kitufe cha kuzima kelele, ila likaombwa lisikitumie kama si lazima. Wengi hawakukigusa. Walisikia kelele ileile kama wenzao wasio na kitufe.

Baadaye, kelele zikiwa zimekwisha, wote walipewa mafumbo yasiyo na jibu na maandishi ya kusahihisha. Waliokuwa na kitufe waliyang'ang'ania mafumbo kwa muda mrefu zaidi, na walikamata makosa mengi zaidi kwenye maandishi. Kitufe ambacho hakikubonyezwa kilikuwa kimewalinda. Kelele iliyokuja kwa vipindi vinavyotabirika nayo iliwachosha watu kidogo kuliko ile iliyokuja ovyo.

Ndiyo sababu matone ya bomba lisilofunga sawasawa hukera zaidi yakiwa hayana mpangilio, na ndiyo sababu ngoma ya jirani ikizimwa saa nne kila usiku inavumilika kuliko ile inayoweza kuzimwa wakati wowote au usiku kucha isizimwe.

Vitufe vya namna hiyo vipo pia mijini na majengoni. Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliripoti kwamba katika jiji la New York, vitufe zaidi ya 2,500 kati ya takriban 3,250 vya kuombea ruhusa ya kuvuka barabara vilikuwa havifanyi kazi tena. Taa zilikuwa zimeshakabidhiwa kwa kompyuta, vitufe vikaachwa palepale. Watu wakaendelea kubonyeza. Kitufe cha kufunga mlango wa lifti nacho kina hadithi yake: sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inataka mlango ubaki wazi muda wa kumtosha mwenye fimbo au kiti cha magurudumu kuingia, kwa hiyo kwenye lifti nyingi za huko abiria wa kawaida anabonyeza mpaka kidole kiume na mlango unafunga kwa saa yake. Sina ugomvi na udanganyifu huu. Sababu ya mlango kuchelewa ni nzuri, na anayebonyeza anaondoka na nafuu kidogo isiyomgharimu mtu.

Kungoja

Kuhusu foleni, andiko ambalo wenye fani hurudi kwake ni la mtaalamu wa biashara David Maister, la mwaka 1985. Alieleza kwamba kungoja bila shughuli ni kurefu kuliko kungoja ukiwa na shughuli, kusiko na muda maalumu ni kurefu kuliko kwenye muda, kusikoelezwa sababu ni kurefu kuliko kulikoelezwa, na kusiko na haki ni kurefu kuliko kungoja kwa haki. Saa ya ukutani haina kura.

Mkasa unaosimuliwa sana ni wa uwanja wa ndege wa Houston, Marekani. Abiria walilalamika kwamba mizigo inachelewa. Wakuu waliongeza wapakuaji, muda wa kungoja ukashuka, malalamiko yakabaki. Ndipo walipohamishia milango ya kushukia mbali zaidi na sehemu ya mizigo. Abiria wakawa wanatembea kwa muda mrefu, wakifika mizigo inakaribia kutoka. Malalamiko yakaisha karibu yote. Muda wa jumla haukupungua, ila sehemu kubwa yake sasa ilipita miguuni badala ya kupita mbele ya mkanda mtupu unaozunguka.

Muziki wa kungojea kwenye simu nao una asili ya namna hiyo, ingawa wa kwanza ulikuja kwa ajali. Alfred Levy, mwenye kiwanda, aligundua kwamba waya uliolegea ulikuwa umegusa nguzo ya chuma ya jengo lake, jengo zima likawa linadaka matangazo ya kituo cha redio cha jirani, na wateja waliokuwa wakingoja kwenye simu wakawa wanayasikia. Alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kifaa chake mwaka 1966. Tangu hapo dunia nzima inajua kipande cha muziki kinachojirudia, kikikatizwa na sauti inayokuhakikishia kwamba simu yako ni muhimu. Muziki mtupu unasaidia kidogo. Lile katizo ndilo linaloharibu, maana kila linapokuja unadhani amepokea mtu.

Lakini utamu wote wa foleni uko kwenye haki. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Stanley Milgram na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwenye foleni 129 za New York. Mtu aliyetumwa alikuwa anaingia katikati ya watu wawili, anasema kwa upole kwamba angependa kuingia hapo, anasimama. Aliyeingia peke yake alipingwa kwenye takriban nusu ya foleni. Walipoingia wawili, walipingwa karibu kila mahali. Waliopinga zaidi ni walio nyuma, wale waliosogezwa. Walio mbele, ambao hawakupoteza chochote, walikuwa wapole zaidi, lakini nao hawakunyamaza wote, na hao ndio walionivutia. Mtu asiyepoteza hata sekunde anageuka nyuma na kusema, "Ndugu, foleni inaanzia kule." Hapo kinachotetewa ni mapatano ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika.

Tunavyomjaza mwenzetu nia

Lee Ross, mwaka 1977, alikipa jina kosa ambalo wanasaikolojia walikuwa wakiliona tangu miaka ya sitini: tukitazama tendo la mtu mwingine tunalihusisha na tabia yake, mazingira tunayasahau. Dereva akinichomekea, hana adabu. Nikichomekea mimi, nina mgonjwa ndani ya gari, au nilikuwa sijaiona njia vizuri, au basi tu leo ni leo.

Simu za mkononi zimelipa kosa hili chakula kingi. Novemba 2014 WhatsApp ilianza kuonyesha alama za buluu mpokeaji akishasoma ujumbe. Kabla ya hapo, kimya kilikuwa na maelezo mengi: hana chaji, hana bando, yuko kikaoni, simu iko kwa mtoto. Alama mbili za buluu ziliyafuta yote, zikaacha moja tu: ameona, na amenyamaza. Kwamba aliufungua ujumbe akiwa anavuka barabara, akasema nitajibu, akasahau, hilo halimo kwenye alama. Kampuni ililazimika baadaye kidogo kuweka namna ya kuzizima.

Hata nukta ina mashitaka. Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton walionyesha wanafunzi 126 majibu mafupi ya ujumbe wa simu, yaani neno moja kama "ndiyo" au "sawa". Yaliyomalizwa kwa nukta yalionekana hayatoki moyoni kama yale yasiyo na nukta. Majibu hayohayo yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti ikapotea. Kwenye karatasi nukta ni alama ya uandishi. Kwenye simu, ambako kutuma kwenyewe ni kumaliza, nukta inaonekana imeongezwa na mtu aliyekuwa na neno moyoni. Mzee aliyefundishwa shuleni kwamba sentensi isiyo na nukta haijaisha anawaudhi wajukuu zake kila siku bila kujua.

Sauti za kutafuna ni habari nyingine, na nadhani tuache kuzifanyia mzaha. Kuna watu ambao mlio wa mtu kula, kupumua au kubofya kalamu unawapandisha ghadhabu ya kweli, moyo unawadunda, wanataka kutoka chumbani. Hali hiyo, misofonia, ilipewa jina mwaka 2001 na Margaret na Pawel Jastreboff. Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha kwa picha za ubongo kwamba kwa watu hawa, sauti hizo zinawasha kupita kiasi sehemu inayohusika na kuamua kipi kistahili kuangaliwa na kipi kipuuzwe. Utafiti wa 2021 wa timu hiyo ulikuta muunganiko usio wa kawaida kati ya sehemu za usikivu na zile zinazotawala mdomo na uso, kana kwamba msikiaji analazimishwa kutafuna pamoja na mtafunaji. Kumwambia mtu wa namna hiyo apuuze ni kumwambia asisikie.

Kwa sisi wengine, maana ya sauti ina nguvu kuliko sauti yenyewe. Mwaka 2011 Michael Oehler na Christoph Reuter waliwasikilizisha watu mlio wa kucha ubaoni. Walioambiwa ni kipande cha muziki wa kisasa waliukadiria kuwa na nafuu kuliko walioambiwa ukweli. Jasho la viganja vyao, hata hivyo, halikudanganyika.

Ni kweli ni vidogo?

Mwaka 1981 kundi la watafiti akiwamo Allen Kanner na Richard Lazarus walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 100 wa California kwa miezi kumi. Waliwapa orodha ya kero 117 za kila siku, wakawa wanaweka alama kwa zile zilizowapata. Zilizojitokeza sana ni uzito wa mwili, afya ya mtu wa familia, bei kupanda, matengenezo ya nyumba, mambo mengi kwa wakati mmoja, na kupoteza vitu au kusahau vilipowekwa. Wakati huo elimu ya msongo wa mawazo ilikuwa imejengwa juu ya matukio makubwa: kufiwa, talaka, kufukuzwa kazi. Kumbe hesabu ya kero ndogo ilibashiri dalili za matatizo ya kisaikolojia vizuri kuliko hesabu ya matukio makubwa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa tende ilipimwa. Sehemu ya maelezo ni kwamba tukio kubwa lenyewe hufika likiwa limevaa kero. Aliyeachwa na mwenzake haugui talaka kwa jumla. Anaugua fomu, funguo, ratiba ya kumchukua mtoto shule, na nani sasa anajua kurekebisha ile pampu.

Na kama kero ni kitu kizito hivyo, basi anayezitengeneza kwa makusudi ana la kujibu.

Zile zenye mwenyewe

Fungua tovuti yoyote. Kabla hujasoma neno, dirisha linakuja juu ya maandishi: wanajali faragha yako, je, unakubali vidakuzi, yaani vijifaili vinavyokumbuka unachofanya mtandaoni? "Kubali vyote" iko kwenye rangi inayong'aa. Kukataa kuko ndani ya "Mipangilio", na ndani ya mipangilio kuna orodha ya washirika, na swichi, na swichi nyingine za "maslahi halali" ambazo zimeshawashwa. Wewe ulitaka kujua mvua itanyesha au la. Unabonyeza kubali.

Watu wengi huilaumu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Sheria haikuagiza dirisha baya. Ilitaka idhini iwe ya hiari na iliyo wazi, na kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa. Waliochora madirisha ndio waliochagua namna ya kutii. Utafiti wa mwaka 2020 wa Midas Nouwens na wenzake ulikagua madirisha ya tovuti zinazotembelewa sana Uingereza, ukakuta ni asilimia 11.8 tu yaliyotimiza masharti ya chini kabisa. Kisha walipima kitu kimoja: ukiondoa kitufe cha kukataa kwenye ukurasa wa kwanza, wanaokubali wanaongezeka kwa pointi 22 hadi 23 za asilimia. Kuchoka kwako kunaingia kwenye hesabu zao kama mapato. Mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa, CNIL, ililiona hivyo. Mapema 2022 ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa vidakuzi kulihitaji kubofya mara nyingi kuliko kukubali.

Nenosiri ni kisa cha upole zaidi. Zile sheria za herufi kubwa, tarakimu, alama, na kubadilisha kila baada ya siku kadhaa zilienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Binadamu akilazimishwa kubadilisha, hubadilisha tarakimu ya mwisho tu, na mwizi analijua hilo. Mwaka 2017 taasisi hiyo iliachana na masharti hayo, ikasema urefu ndio wenye faida, na Burr mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Idara nyingi za kompyuta hazijapata habari. Hapa hakuna mwovu, kuna kosa lililokubalika likawa desturi.

Kujitoa kwenye huduma ya kulipia ndiko kwenye makusudi ya wazi. Kujiunga ni mbofyo mmoja. Kutoka, unaulizwa kama una uhakika, unaonyeshwa orodha ya utakavyovikosa, unapewa ofa ya nusu bei, unaulizwa sababu. Kitufe kikubwa cha rangi kinasema "Baki na faida zangu". Chini yake, kwa herufi nyembamba za kijivu zisizofanana hata na kitufe, kuna "Endelea kusitisha". Harry Brignull, mbunifu Mwingereza, alianza mwaka 2010 kukusanya na kuzipa majina hila za namna hii. Mwaka 2018 mchumi Richard Thaler, aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel, aliandika akikemea matope ambayo kampuni humwaga njiani ili mteja asifike anakotaka.

Juni 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki Amazon kuhusu huduma yake ya Prime. Katika mashitaka ilielezwa kwamba kujitoa kulipita kurasa nne, mibofyo sita na machaguo kumi na matano, na kwamba ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, kama ule utenzi wa kale wa Kigiriki wa vita virefu vya Troya. Mtu huwezi kumsingizia jina kama hilo. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, ikiwemo bilioni 1.5 za kurudishiwa wateja, bila kukiri kosa.

Sasa rudi kwenye basi. Yule wa video hana faida yoyote katika kukereka kwako. Huenda masikio yake ni mazito, huenda hajawahi kufikiria. Tunamchukia wiki nzima. Aliyelipwa mshahara kuficha kitufe tunamkubalia kwa kidole gumba na kumsahau kabla ukurasa haujafunguka, kwa kuwa hana uso. Na tukishazungushwa na mashine ya simu kwa nusu saa, bonyeza moja, bonyeza tatu, hasira yote inamshukia binti wa watu aliyepokea mwishoni, ambaye hakubuni mfumo, hana ruhusa ya kuuruka, na anapimwa kwa idadi ya simu alizomaliza. Ningependa kuona hasira hiyo ikihama. Kelele dhidi ya dirisha la vidakuzi ina maana kuliko kelele dhidi ya karani.

Inapohama, kuna vinavyobadilika. Matangazo ya televisheni ya Marekani yalikuwa yakiruka kwa sauti ya juu kuliko vipindi kwa miongo, watu wakalalamika mpaka ikatungwa sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, ikiyataka yasizidi wastani wa sauti ya kipindi kinachoyabeba. Ujerumani ilikwenda hatua moja mbele kwenye mikataba. Tangu tarehe 1 Julai 2022, kampuni inayowaandikisha watu kwa malipo ya mara kwa mara kupitia tovuti inatakiwa kuweka hapohapo kitufe cha kusitisha, kinachosomeka vizuri, kinachoonekana wakati wote, na kinachofikika bila kuzungushwa. Isipokiweka, mteja anaruhusiwa kuvunja mkataba siku yoyote, bila kutoa notisi.